Upepo Haukai Jaani: Namna ya Kuzuia Taka Zinazopeperuka

Ukitaka kujua upepo wa jaa huelekea wapi, tazama miti iliyo jirani nalo. Vipande vya plastiki hunasa upande mmoja tu wa mvinje au mchongoma, ule unaopigwa na upepo, na ukivifuata kinyume vitakurudisha mpaka jaani penyewe. Vilivyokosa mti wa kuvishika vimekwenda mbele: mashambani, visimani, kwenye mikoko, na mwisho baharini.

Hizo ndizo taka za kupeperuka. Si sawa na taka zilizotupwa ovyo mtaani, maana hizi zimekwisha kukusanywa. Mama amezifunga nyumbani, amemlipa kijana wa mkokoteni, kisha lori la kaunti limezibeba kwa mafuta ya kodi yetu mpaka jaani. Zimefika. Halafu upepo unazirudisha mitaani bila nauli, na kaunti inalipa watu wengine kuziokota mara ya pili, kama inalipa. Kwa hivyo hata asiyejali habari za mazingira ana sababu ya kuliangalia jambo hili: ni pesa zake.

Wengi tulidhani jambo lenyewe lingeisha tarehe 28 Agosti 2017, siku marufuku ya mifuko ya plastiki ya kubebea ilipoanza kutekelezwa nchini, pamoja na tishio la faini ya hadi shilingi milioni nne. Kweli yale majuala mepesi ya dukani yamepungua sana. Lakini kilichobaki jaani bado ni chepesi: karatasi za mkate, maganda ya biskuti na krisi, vifuko vya maji, nepi zilizopasuka, maboksi yaliyolowa kisha yakakauka, na ile mifuko ya kitambaa cha plastiki iliyochukua nafasi ya majuala, ambayo ikichakaa huchanika nyuzinyuzi. Upepo hausomi sheria, unapima uzito tu.

Upepo wetu na tabia zake

Mabaharia duniani hupima upepo kwa ngazi za Beaufort, kuanzia sifuri mpaka kumi na mbili. Ngazi ya nne ni upepo wa kilomita 20 hadi 28 kwa saa, na katika maelezo yake imeandikwa kuwa ndipo vumbi na karatasi zilizolegea huanza kuinuka. Huo si upepo wa dhoruba. Ni upepo wa kawaida wa alasiri Pwani yetu wakati wa Kusi, ule ambao mvuvi hatatia tanga chini kwa ajili yake.

Hapa ndipo Pwani inapotofautiana na mahali pengi palipoandikiwa vitabu vya usimamizi wa majaa. Kwingine upepo huyumba kila wiki. Kwetu una majira. Kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi, ukitoka kaskazini mashariki. Kusi huanza Aprili au Mei ukaendelea hadi Oktoba, ukitoka kusini na kusini mashariki, na ndio wenye nguvu zaidi. Baina yao kuna maleleji, upepo wa kubadilika usio na msimamo. Juu ya hayo kuna mwendo wa kila siku: asubuhi na mapema huwa pametulia au pana umande tu kutoka bara, kisha jua likipanda upepo wa bahari huamka na kufika kilele chake baada ya adhuhuri.

Nahodha na mvuvi wanalijua hili tangu utoto. Linalostaajabisha ni kwamba jaa linaloendeshwa maili chache kutoka kwao huendeshwa kana kwamba upepo ni ajali. Jaa la pwani linaweza kupangiwa kalenda mwaka mzima. Nyavu zinajua zikae wapi mwezi wa Juni na wapi mwezi wa Januari, na lori la karatasi linajua lije saa ngapi.

Kazi kubwa iko pale lori linapomwaga

Watu wakisikia habari ya taka za kupeperuka, wazo la kwanza ni uzio. Uzio ni wa mwisho. Kazi yenyewe iko kwenye kile kipande cha ardhi ambapo lori linamwaga leo, ambacho mafundi wa majaa hukiita uso wa kazi. Jaa la kisasa huwa na uso mmoja, mdogo kadiri malori yanavyoweza kugeuka bila kugongana. Jaa letu la kawaida halina uso, au tuseme lote ni uso: kila dereva anamwaga pale alipokuta nafasi, na mlima mzima uko wazi kwa upepo mchana na usiku.

Tufanye hesabu kidogo, maana hapa ndipo hoja ya “kaunti haina pesa” inapoanza kulegea. Kanuni za Marekani zinataka taka zifunikwe kila mwisho wa siku kwa udongo wa kina cha sentimita 15 hivi. Uso wa mita 20 kwa 20 ni mita za mraba 400. Ukiufunika kwa kina hicho unahitaji mita za ujazo 60 za udongo, ambazo ni safari sita za lori la mita kumi. Sasa chukua jaa lililoachwa wazi mita 100 kwa 100. Hapo unahitaji mita za ujazo 1,500, yaani safari 150. Hakuna kaunti itakayofanya hivyo kila jioni, na ndiyo sababu haifanyiki kabisa. Kwa hiyo kabla ya kuuliza udongo utatoka wapi, uliza kwanza kwa nini uso ni mkubwa vile.

Udongo wenyewe Pwani ni tatizo la kweli, sitalificha. Sehemu kubwa ya ukanda wetu ni mwamba wa matumbawe wenye ngozi nyembamba ya mchanga juu yake, na kuchimba udongo wa shamba ili kufunika taka ni kuharibu pawili. Lakini matimbo yetu ya mawe ya kujengea huacha marundo ya vumbi zito na vipande visivyouzika. Kifusi cha nyumba zinazobomolewa mijini nacho kinatafuta pa kwenda, na mara nyingi huishia kwenye hori. Vyote viwili ni vizito, havipeperuki, na vinaweza kufunika. Baadhi ya majaa ya nje hutandika turubai nzito jioni na kulikunjua asubuhi, hivyo hakuna udongo unaotumika siku hiyo. Hata mboji isiyofaa shambani kwa sababu ina vigae hufaa kwa kazi hii.

Kabla ya kufunika, kushindilia. Taka zikitandazwa tabaka jembamba, lisilozidi sentimita 60 hivi, na mashine nzito ikapita juu yake mara tatu hadi tano, karatasi na plastiki hubanwa chini ya vitu vizito na hazina tena pa kushikwa na upepo. Tingatinga likisukuma rundo la mita mbili kwa mkupuo mmoja, juu panaonekana pamelala lakini ndani ni matandu ya hewa, na usiku upepo utachomoa mfuko mmoja mmoja. Ni bora pia lori limwage chini ya mteremko na mashine isukume kwenda juu. Chini huwa na kinga, na taka hubanwa vyema zaidi zikisukumwa kupanda.

Kisha upande wa kumwagia. Kilima cha taka chenyewe ni kizuizi cha upepo kama kikitumiwa. Wakati wa Kusi, uso uwe upande wa kaskazini wa kilima, mgongo wa jaa ukiupokea upepo. Kaskazi ukiingia, uhamie kusini magharibi. Ni kuhama mara mbili tu kwa mwaka, na barabara ya ndani ya kila upande inaweza kutengenezwa katika maleleji.

Saa nazo zina maana. Mizigo mepesi, kama ile ya masoko ya nguo, ya maduka makubwa na ya maofisi, ipokewe asubuhi kabla upepo wa bahari haujaamka, imwagwe, na juu yake zimwagwe taka nzito zenye maji za jikoni na za soko la mboga. Majaa mengi ya Uingereza na Marekani huwa na kipima-upepo na kiwango kilichoandikwa: ukizidi hapo, mizigo mepesi haipokewi, na ukizidi zaidi jaa linafungwa kwa muda. Kifaa hicho si cha gharama ya kutisha. Kinachotisha ni kumpa msimamizi wa jaa mamlaka ya kumrudisha dereva wa mkubwa fulani.

Nyavu, kuta na miti

Wavu wa kuhamishika ndio ulinzi wa pili. Ni fremu ya chuma yenye urefu wa mita tatu au nne, iliyotandwa wavu na kuwekwa juu ya magurudumu au vyuma vya kuburuta, na tingatinga huisogeza. Husimama karibu sana na uso wa kazi, upande ule upepo unakokwenda. Ukaribu ndio siri yake. Mfuko unapoondoka chini unaruka kidogo tu, lakini kila hatua unapanda, na ukishafika uzio wa mpaka huwa tayari umepita juu yake. Ndiyo maana majaa yenye ua mrefu wa mawe pande zote bado humwaga plastiki kwa jirani.

Kwa kweli ukuta wa mawe usiopitisha hewa ni mbaya kuliko wavu. Upepo ukigonga ukuta haufi. Unapanda juu yake kwa kasi, kisha unaanguka nyuma ukijizungusha, na pale unapozunguka ndipo taka zinapoinuliwa upya. Kizuizi chenye matundu, ambacho karibu nusu yake ni wazi, huupunguza upepo bila kuukasirisha, na nafuu yake huonekana mpaka umbali wa kama mara kumi ya urefu wake. Wajenzi wa makuti na fito walilijua hilo kabla ya wahandisi.

Wavu nao una deni lake. Ukijaa karatasi unageuka kuwa tanga, na tanga bila nahodha litaangusha mlingoti. Lazima usafishwe kila siku, na siku za Kusi kali hata mara mbili. Nimesikia pendekezo la kutumia nyavu kuukuu za uvuvi. Zile nene za kamba zinafaa na ni bora ziko huko kuliko kuachwa baharini. Zile nyembamba za nailoni zisitumiwe, kwa kuwa jua litazila katika miezi michache, na vipande vyake vitapeperuka pamoja na taka vilizotumwa kuzizuia.

Miti ni kazi ya miaka, lakini Pwani tuna ushahidi wa karibu. Kuanzia 1971 René Haller alipanda mivinje kwenye timbo la saruji la Bamburi, juu ya mwamba mtupu wa chokaa ambao karibu miti mingine yote ilishindwa kuota, na leo pale ni msitu. Mti unaostahimili timbo utastahimili pembe za jaa. Kasoro ya mvinje ni kwamba ukikua shina lake huwa tupu chini, na upepo hupita kwenye miguu yake. Kwa hiyo upandwe safu mbili au tatu zilizopishana, na chini yake vichaka vya michongoma. Aliye na nafasi akaongeza mtaro nje ya uzio atashangaa mtaro huo unakusanya kiasi gani.

Barabara ya kwenda jaani

Sehemu ya lawama inayotupiwa jaa ni ya malori. Ukipita barabara za kuelekea Mwakirunge, upande wa Kisauni, taka zilizo kando ya lami hazikutoka jaani kinyume na upepo, zimeanguka safarini. Kanuni za usimamizi wa taka za 2006 zinataka taka zibebwe kwa namna ambayo hazitawanyiki wala hazimwagiki njiani. Maana yake kwa lori lililo wazi ni turubai au wavu uliofungwa pembe zote nne, si gunia lililowekewa jiwe juu. Langoni pa jaa ndipo mahali rahisi pa kulisimamia: lisilofunikwa lirekodiwe na mwenye leseni atozwe. Na turubai lisifunguliwe langoni, bali kwenye uso wa kazi.

Mombasa ilikuwa na somo lake wazi kabisa pale Kibarani. Jaa lilikaa kwenye mlango wa kuingilia kisiwani, maji ya hori la Makupa pembeni na barabara kuu upande wa pili. Hakuna wavu ambao ungeliokoa mahali kama pale, kwa sababu kila upepo, uwe Kusi au Kaskazi, ulikuwa na maji au magari ya kuutupia. Lilifungwa 2018 na eneo likageuzwa bustani. Kuhamisha jaa ni uamuzi mzuri panapostahili, lakini taka zilihamia kwa watu wengine, na hao wengine wana haki ya yale yote niliyoyataja hapo juu.

Wanaookota

Huwezi kuandika juu ya majaa yetu ukajifanya hawapo. Wanaume, wanawake, na kwa aibu yetu watoto pia, hufungua mifuko kutafuta chupa, vyuma na plastiki ngumu. Wasimamizi huwalaumu kwamba ndio wanaozilegeza taka na kuzipa upepo. Ni kweli kwamba mfuko uliopasuliwa hutawanyika. Ni kweli vilevile kwamba kila kilo wanayoiuza ni kilo ambayo haitapeperuka, na hakuna mtambo wa kuchambua taka uliowahi kufanya kazi hiyo jaani kwa bei yao.

Kuwafukuza hakujawahi kufaulu popote, kwa kuwa hurudi usiku, wakati hakuna mashine wala macho. Kinachofaa ni kuwapa banda la kuchambulia: sakafu ngumu, paa, na kuta za wavu pande tatu. Lori linamwaga hapo kwanza, wanachambua wakiwa na muda na kivuli, kisha kilichobaki kinasukumwa kwenda usoni na kufunikwa. Upepo unakosa mzigo, nao wanakosa kugongana na tingatinga.

Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inataka taka zitenganishwe, za kuoza mbali na zisizooza, na inazitaka kaunti ziwe na mahali pa kuchambulia. Hapa natoa tahadhari yangu. Leo plastiki nyingi hufika jaani zikiwa zimelowa mchuzi na maganda ya ndizi, na huo uzito huzishika chini. Siku tutakapotenganisha vyema majumbani, fungu la zisizooza litakuwa kavu na jepesi kupita lilivyo sasa. Kama banda la kuchambulia halijajengwa na fungu hilo likamwagwa jaani vilevile, tutakuwa tumeutayarishia upepo chakula chake.

Moto si dawa

Jaani kuna anayewasha moto akidhani anapunguza taka. Plastiki ikiungua hutoa moshi wa sumu unaoingia madukani na madarasani, na chini ya lundo moto unaweza kuendelea kufukuta ukilishwa na gesi ya taka zinazooza. Kwa nyumba za makuti, jivu lenye cheche linalobebwa na Kusi ni hatari kuliko karatasi yoyote.

Zinapoishia

Kwenye mikoko, plastiki hujiviringisha kwenye mizizi inayochomoza matopeni ili mti upumue, na zikizidi mti hudhoofika. Baharini kasa humeza mfuko akidhani ni yavuyavu. Lamu, ambako punda ndiye gari, wanyama wanaozurura hula plastiki, na madaktari wa mifugo wamezikuta matumboni mwa waliokufa. Ni Lamu hiyohiyo ambako mafundi walizindua jahazi la Flipflopi mwaka 2018, lililoundwa kwa plastiki zilizookotwa, nalo likasafiri mpaka Unguja. Jahazi zuri, lakini fundi hawezi kuunda majahazi kwa kasi ya jaa lisilofunikwa.

Nani aulizwe

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliweka uzoaji wa taka na majaa mikononi mwa kaunti. NEMA hutoa leseni na imeweka masharti ya chini kwa majaa, yakiwemo uzio, lango lenye msimamizi, na taka kutandazwa, kushindiliwa na kufunikwa. Kwa hiyo mkaazi anayeishi chini ya upepo haombi hisani. Kifungu cha 42 kinampa haki ya mazingira safi, na Kifungu cha 70 kinamruhusu kwenda mahakamani kudai haki hiyo bila kulazimika kuthibitisha kwamba yeye binafsi amepata hasara. Mahakama ya Mazingira na Ardhi inaketi Mombasa na Malindi.

Kabla ya kufika huko, kuna vikao vya maoni ya bajeti ya kaunti. Swali la “mtasafisha lini?” hujibiwa kwa picha za watu wenye fulana na mafagio. Afadhali kuuliza vitu vinavyohesabika: uso wa kazi una mita ngapi leo, mara ya mwisho ulifunikwa lini na kwa nini, nyavu za kuhamishika ni ngapi, nani huzisafisha, tingatinga la jaa lina mafuta siku ngapi kwa mwezi, na malori mangapi yalirudishwa langoni kwa kukosa turubai. Majibu yaandikwe kwenye kumbukumbu za kikao. Na maombi ya nyavu na mafuta yaingie mapema, kwa sababu mwaka wa fedha huanza Julai, na mwezi huo Kusi inakuwa tayari imeshika kasi.